Siku Nne Bila Chapati

Jacklyne aliandika "Ijumaa jioni", akaifuta, akaiandika tena. Asubuhi hiyo ya Alhamisi saluni ilikuwa bado haijapata mteja. Nje, wachoma nyama wa Kenyatta Market walikuwa ndio kwanza wanawasha makaa, na moshi uliingia mlangoni ukatulia kwenye nywele bandia zilizotundikwa ukutani. Alikuwa na siku tatu tu za kumaliza ile karatasi ya vyakula vya safari. Jumapili ingesomwa mbele ya familia ya mwanaume aliyempenda.

"Mko wangapi?" Afnan aliuliza. Afnan alikuwa binti wa Mombasa aliyekodi kona ya saluni hiyo hiyo, akiwapaka wanawake hina na piko nyeusi. Nairobi nzima, yeye peke yake ndiye aliyeijua siri ya Jacklyne.

"Saba. Mama yake Bramwel, dada yake aitwaye Milcah na bwana yake, watoto wao wawili, Bramwel, na mimi. Siku nne, kuanzia Ijumaa ya wiki ijayo. Ni nyumba ya kukodi kule Naivasha, ina jiko na sufuria, tunajipikia wenyewe. Mama amepika kwenye jiko la shule miaka thelathini na moja, sasa amestaafu. Bramwel amesema safari hii Mama hatashika mwiko. Mpishi ni mimi."

"Na nani alokutia upishini?"

"Nilijitolea."

Afnan aliweka chini koni yake ya hina. "Ewe! Ukajitolea kwa watu wala chapati?"

"Afadhali niwe mpishi nijue ni nini kimeingia sufuriani, kuliko kukaa mezani nikiogopa kila sahani."

Miaka mitatu iliyopita, baada ya kukonda, kuharisha na kuishiwa damu mpaka majirani zake wa Kabiria wakaanza kunong'ona, daktari mmoja wa tumbo alimwambia ukweli. Ndani ya ngano na shayiri kuna kitu kinachoitwa gluteni, na utumbo wake haukivumilii. Hata kipande kidogo kingemwangusha kwa siku kadhaa. Dawa haikuwepo, isipokuwa kuacha ngano maisha yake yote. Wakati huo alikuwa mchumba wa kijana aitwaye Ndambuki. Aliwaeleza wazazi wa Ndambuki kila kitu, bila kuficha. Shangazi mmoja akauliza kama tumbo la namna hiyo linaweza kubeba mtoto. Wiki tatu baadaye Ndambuki aliacha kupokea simu.

Basi alipokuja Bramwel Were, fundi wa stima aliyeitwa kurekebisha mashine za kukausha nywele, akamaliza kazi na bado akarudi kesho yake kuuliza kama mashine zinaendelea vizuri, na kesho kutwa vilevile, Jacklyne alijifunza kunyamaza. Wakitoka kula aliagiza ugali na nyama. Bramwel alifurahi. "Huyu ni mtu wa kwetu kabisa," alizoea kusema, akimtazama kwa macho yale mapole yaliyomfanya Jacklyne asahau alichotaka kusema. Miezi tisa ikapita hivyo.

"Haya, tuandike," Afnan alisema. "Pesa zenu ngapi?"

"Elfu kumi na mbili, ya chakula chote. Ule unga maalum usio na ngano wa supamaketi siwezi hata kuutazama. Bei ya pakiti moja ndogo inanunua unga wa ugali wa siku zote nne."

Wakaandika. Asubuhi nduma, viazi vitamu na mayai. Uji wa wimbi, lakini wimbi mzima, aoshe mwenyewe na kuupeleka kwenye kinu kisichosaga ngano. Mchana wali na maharagwe, githeri, matoke. Jioni ugali na samaki wa ziwani, ugali na kuku. Ijumaa jioni ndiyo iliyowatatiza, kwa sababu ilikuwa jioni ya kwanza na ilitaka kitu cha sherehe.

"Weka mkate wa kumimina," Afnan alisema. "Mchele wausaga na tui la nazi, watia hamira, sukari na iliki, wauacha uumuke. Ngano haipiti hata mlangoni. Ntakufunza."

"Wakiuliza chapati je?"

"Utasemaje?"

"Nitasema bajeti haikutosha."

Afnan aliichukua tena koni yake. "Shoga yangu, siku nne utaficha. Na miaka arobaini je?"

Jacklyne alifunga kalamu. Alikunja karatasi akaitia mkobani.

* * *

Jumapili alasiri, nyumba ya Mama Milcah kule Kinoo ilinukia iliki na mafuta ya moto. Huyu ndiye mama yake Bramwel, aliyeitwa kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye mikono mikubwa iliyozoea miko mirefu. Alimkaribisha Jacklyne kwa Kibukusu, akamshika mkono kwa muda mrefu, kisha akarudi jikoni.

Bramwel alikaa kando ya Jacklyne kwenye kochi. Bega lake liligusa la Jacklyne kidogo tu, jinsi inavyoruhusiwa mbele ya wazazi. "Usiogope," alinong'ona. "Mama tayari anakupenda."

Milcah, karani wa ofisi moja ya mawakili katikati ya jiji, aliomba karatasi aisome. Aliisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayekagua risiti.

"Nduma. Mayai. Uji. Wali. Ugali. Githeri. Viazi." Akainua macho. "Chapati iko wapi?"

"Nilijaribu kubana matumizi," Jacklyne alisema.

"Hata mkate? Watoto wangu asubuhi bila mkate hawaamki."

"Mkate unaisha haraka, na tuko wengi."

"Sawa. Lakini hapa Ijumaa umeandika mkate wa mchele, nazi nne, hamira, iliki." Milcah aligeuza karatasi upande wa pili, akairudisha. "Nazi nne na mchele ni pesa nyingi kuliko unga wa ngano. Hiyo ni kubana matumizi ya aina gani?"

Jasho lilimtoka Jacklyne mgongoni. Bramwel alicheka. "Dada, wacha kazi ya korti. Mtu ametaka kutupikia kitu kipya."

"Mimi nauliza tu. Mtu akinificha kitu kidogo, kikubwa nacho?"

"Milcah, mwache mgeni ale kwanza."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Chapati zilikuwa zimepangwa juu yake, laini, zenye madoa ya rangi ya asali, bado zinatoa mvuke. Aliiweka sahani mbele ya Jacklyne, akavuta kiti akaketi akimtazama usoni.

"Mwanangu, umekuja hapa mara nne. Mara ya kwanza ulikuwa umeshiba. Mara ya pili ulikuwa na haraka. Mara ya tatu ulipoondoka niliikuta chapati yangu imefungwa kwa tishu, chini ya hiki kiti." Alisema bila hasira, na ndiyo maana iliuma zaidi. "Nilinyamaza. Sikumwambia hata Bramwel. Nimelisha watoto wa watu miaka thelathini na moja kwa hii mikono, hakuna aliyeficha chakula changu chini ya kiti. Kama ni chafu, niambie. Kama si hivyo, leo kula nikuone."

Bramwel alimgeukia Jacklyne taratibu, tabasamu bado limebaki nusu usoni, kama mtu aliyesikia mzaha ambao hajauelewa.

Jacklyne alinyoosha mkono. Alikata kipande. Kilikuwa cha moto, laini, na mkono wake ulitetemeka. Angeweza kukila. Angekimeza, aseme ni tamu, arudi Kabiria akaumwe peke yake mlango ukiwa umefungwa. Jumatano angekuwa amepona kiasi. Alikuwa amewahi kufanya hivyo. Kipande kilifika karibu na midomo.

Akakirudisha sahanini.

"Mama, siwezi. Si chafu. Mimi ni mgonjwa wa ngano."

Aliwaeleza yote, macho yakiwa kwenye kitambaa cha meza. Gluteni, daktari, damu kupungua, vinu vya unga, kila kitu. Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka yeye mwenyewe akaichukia.

"Unaambukiza?" Milcah aliuliza.

"Hapana."

"Na kuzaa?"

"Dada!" Bramwel alisema.

"Daktari alisema nikijitunza, nitazaa kama mtu mwingine yeyote."

Mama Milcah aliinuka. Alichukua sahani ya chapati kwa mikono miwili, akaingia nayo jikoni, akafunga mlango. Walingoja dakika kumi, kisha ishirini. Hakutoka.

* * *

Bramwel alimsindikiza mpaka karibu na Waiyaki Way. Hakumshika mkono. Magari yalipita kwa kasi, na upepo wake ulipeperusha sketi ya Jacklyne.

"Miezi tisa, Jackie."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi? Nimekufanya nini?"

"Hujanifanya kitu. Ndambuki naye hakuwa amenifanya kitu, mpaka siku niliyosema ukweli."

"Mimi si Ndambuki." Alisimama ghafla. Kitu kilikuwa kimemjia, na Jacklyne alikiona kikimjia, akatamani ardhi impasukie. "Mwezi wa tatu ulisema una malaria. Nikakaa nje ya mlango wako na machungwa, ukakataa kufungua. Hiyo ilikuwa siku moja baada ya bathdei yako."

"Bramwel…"

"Ilikuwa malaria?"

"Hapana."

"Ilikuwa ile keki."

Jacklyne alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yameanza.

"Mimi ndiye niliikata," Bramwel alisema. "Mimi ndiye nilikuwekea mdomoni, watu wakipiga makofi. Ulijua itakufanya nini, na ulinitazama machoni ukatafuna. Si ungesema tu? Neno moja?"

"Ulikuwa na furaha sana."

"Furaha gani hiyo? Nilikuwa nakulisha sumu na ninacheka! Kwa miezi tisa umenifanya mtu wa kukuumiza bila kujua. Unaelewa hiyo kitu inavyoniuma?"

Jacklyne hakuwa amewahi kuliwaza jambo hilo hivyo. Siku zote aliona siri ni mzigo wake peke yake, ameubeba asimlemee mtu. Alinyoosha mkono kumgusa. Bramwel alirudi nyuma hatua moja, ndogo, lakini iliwatenga.

"Nenda nyumbani, Jackie. Nitakupigia."

Alisema kwa upole, na upole huo ulimtisha kuliko kelele. Alishamsikia mwanaume mwingine akiyasema maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo.

* * *

Jumatatu hakupiga. Jumanne hakupiga. Jacklyne alisuka wateja simu ikiwa mapajani, akamkosea mistari mwanamke mmoja mpaka ikabidi afumue na kuanza upya. Mara mbili aliandika ujumbe akaufuta. Afnan alimpikia wali wa nazi akamwekea mbele yake, na wali ukapoa.

"Kula, habibti. Wanaume hawarudishwi kwa njaa."

"Safari ni Ijumaa. Hata sijui kama bado naenda."

Jumatano saa nne asubuhi mlango ulitiwa giza na mtu. Jacklyne aliinua kichwa, na kitana kikamponyoka.

"Habari ya kazi," Mama Milcah alisema. Aliingia, akatazama saluni yote, akaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi na kuvua kitambaa chake cha kichwa. "Nisuke matuta. Ya kawaida, yasiyoniumiza."

Afnan alikusanya vyombo vyake akatoka bila kuambiwa.

Nywele za mama zilikuwa na mvi nyingi, nyepesi kwenye paji la uso. Jacklyne alizigawa kwa vidole baridi. Hakuthubutu kuinua macho kwenye kioo. Tuta la kwanza liliisha. La pili pia.

"Kulikuwa na msichana pale shuleni," mama alianza. "Kidato cha pili. Jina lake Kaindi. Kila asubuhi alikuwa anaacha mkate. Na sheria ya shule ilikuwa chakula hakitupwi. Mimi ndiye nilikuwa nasimama mlangoni naangalia sahani. Nikimwona ameacha, namrudisha mezani amalize. Alikuwa analia. Nikasema ana madeko, kwao wamezoea vizuri."

Mikono ya Jacklyne ilipungua mwendo.

"Muhula wa pili babake alikuja kumchukua. Amekonda, macho tu. Sikumwona tena. Mimi si daktari, sijui kama yake ilikuwa hii yako. Pengine ilikuwa kitu kingine. Lakini Jumapili uliposhika kile kipande, mkono wako ulitetemeka kama wake. Ndiyo nikaenda jikoni. Ulidhani nimekukasirikia. Mimi nilishindwa kukutazama."

Sasa Jacklyne aliinua macho. Kwenye kioo, mama alikuwa analia bila sauti, akiwa ameketi wima, mikono mapajani.

"Mama, hukujua."

"Sikujua. Lakini wewe ulijua." Alijifuta kwa kitambaa. "Kwa hiyo hapo nimekukasirikia. Ukikataa chakula changu, kataa kwa mdomo. Mbele yangu. Hata kama Milcah yuko."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Milcah bado anasema mengi. Mwache aseme, amezaliwa hivyo. Watoto wake watakula mkate wao nje kwenye veranda, waoshe mikono kabla ya kuingia. Hilo nimeshalisema, limekwisha." Alinyoosha shingo. "Sasa nieleze. Zile soseji alizonunua bwana yake Milcah?"

"Nyingi zinatiwa unga, Mama. Lazima tusome pakiti."

"Mchuzi wa pakiti?"

"Huo pia. Afadhali nyanya na dhania tu."

"Na mwiko wa mbao?"

"Tununue mpya. Mbao hushika unga."

"Hmm." Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea zamu. "Nimepikia watoto mia sita kwa siku. Siwezi kushindwa na mmoja."

Jacklyne alicheka na kulia kwa pamoja, akalazimika kuachilia tuta. Kisha akauliza lile alilokuwa amelimeza tangu mlango ulipofunguka, kwa sauti ya chini, akijifanya anatafuta kitana.

"Na Bramwel?"

"Hajala vizuri tangu Jumapili. Anashinda kwenye simu, anasoma mambo ya utumbo, ananisomea na mimi nikiwa nakunywa chai." Mama alimtazama kwenye kioo. "Yuko nje. Amesema niingie mimi kwanza. Anaogopa utamfukuza."

"Mimi? Nimfukuze?"

"Ndiyo nimemwambia hivyo hivyo. Nenda. Mimi nitakaa hivi hivi, nusu kichwa."

Jacklyne alitoka akiwa na aproni, mikono ina mafuta ya nywele. Jua lilikuwa linachoma. Alimwona Bramwel kwa mbali, kwenye jiko la tatu la wachoma nyama, shati la kazini, mikono mfukoni, akimsikiliza mchomaji aliyekuwa akieleza jambo kwa kuchoka. Bramwel aligeuka. Walitazamana katikati ya moshi. Alikuwa na duara jeusi chini ya macho. Alikuwa mzuri kwake kuliko siku yoyote.

Jacklyne akamwendea.

"Hukunipigia," Jacklyne alisema.

"Kila nikishika simu sikujua nianzie wapi. Nilikuwa nimekasirika." Akatoa mikono mfukoni. "Bado nimekasirika kidogo."

"Una haki."

"Nataka uniahidi kitu. Usinilinde tena kwa kujiumiza. Kama chakula kina shida, sema, hata kama nimepiga magoti na keki mkononi."

"Naahidi. Lakini naogopa, Bramwel. Kila harusi, kila matanga, kila Krismasi kwa watu wenu, nitakuwa yule mtu anayeuliza maswali. Utachoka."

"Pengine nitachoka siku zingine. Wewe nawe utanichoka." Alimshika vidole, na mafuta ya nywele yakawaunganisha. "Nimekuagizia nusu kilo. Nimemuuliza huyu jamaa anapaka nini kwa nyama kabla ya kuchoma. Ni chumvi tu. Nimemuuliza mara tatu, anadhani mimi ni mtu wa afya nimekuja kumfungia."

Mchomaji aliinua kisu. "Huyu bwana amenisumbua, madam. Mwambie ni chumvi."

Jacklyne alicheka. Kisha cheko likakatika, kwa sababu macho yake yalikuwa yameangukia mahali pengine, na ile hofu ya zamani ikamwinukia kifuani. Alitaka kunyamaza. Nyama ilikuwa tayari, mwanaume wake amerudi, mama yake anangoja ndani. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza.

"Bramwel," alisema. "Ule ubao wa kukatia nyama. Anakatia nini kingine juu yake?"

Bramwel alitazama ubao. Akamtazama Jacklyne. Uso wake ulifunguka polepole, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa amekiomba kwa muda mrefu.

"Ngoja nimuulize," akasema, akarudi kwa mchomaji mara ya nne.